Nyumba Inayozimika Dirisha kwa Dirisha

Viroqua, Wisconsin
22 Septemba 2019

Bwana Reino Lahti,

Mimi ni mke wa Merle Tollefson, yule mwenye nyumba ya taa za Noeli zinazowaka kwa kufuata muziki, mliyekuwa mkitumiana nyimbo kwa posta. Niseme mjane. Merle alifariki tarehe 11 Novemba mwaka jana kwa saratani ya kongosho. Ikiwa ndiyo kwanza unasikia, nisamehe kwa kukupa habari kavu hivi; nimeirudia mara nyingi mno mpaka imekauka yenyewe. Anwani yako nimeikuta kwenye daftari lake, katikati ya daktari wa meno na daktari wa mbwa.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja. Julai ya mwaka jana ile kompyuta yake kuukuu ilikufa. Akanunua mpya yenye mfumo mpya, na programu ya kupangia taa ni ileile ya zamani, maana alisema mtu habadilishi mke na programu mwaka mmoja. Tangu siku hiyo hawakuelewana, yeye na hiyo mashine. Sasa nikiifungua mimi, inafunguka vizuri tu, lakini taa za nje hazisikii. Nimezitandaza chini gereji, nimezichomeka kama picha zake zinavyoonyesha, nimebofya, kimya.

Ila hiyo si shida kubwa. Shida kubwa ni wimbo. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba, akiwa mgonjwa, Merle alishinda kwenye chumba cha chini ya ardhi akitengeneza wimbo mpya, akiipangia kila taa muda wake wa kuwaka na kuzimika. Alishuka baada ya kifungua kinywa, akapanda wakati wa dawa. Daktari alikuwa ameshatuhesabia miezi, Bwana Lahti, na mume wangu aliitumia na balbu. Halafu siku moja akapanda akasema wimbo umepotea wote, hauko popote. Nimeutafuta, kweli haupo.

Binti yetu Karin ananiambia, "Mama, achana nazo, nunua nyimbo zilizokwisha tengenezwa." Simtaki fundi wa dukani. Mimi hizo taa sikuzipenda hata siku moja. Miaka kumi na tisa nimelala na foleni ya magari mlangoni na Santa wa plastiki amesimama bafuni mwangu kuanzia Agosti. Lakini nataka kuujua huo wimbo. Nataka kujua ni kitu gani alikichagua badala ya kukaa na mimi.

Onyesho huwa Jumamosi baada ya Siku ya Shukrani, mwaka huu tarehe 30 Novemba. Ukiweza kunisaidia, nisaidie.

Ardith Tollefson


Ishpeming, Michigan
30 Septemba 2019

Shemeji Ardith,

Pole. Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaenda kupasua kuni zisizohitajika, nikarudi nikaisoma tena. Sikujua. Mimi na Merle tulikuwa hatujaandikiana kwa muda, na huku juu habari hazifiki mpaka mtu azibebe. Simu siwezi kukupigia. Masikio yangu niliyaacha kwenye mgodi wa chuma, miaka thelathini na moja ya baruti. Barua naziweza.

Tuanze na taa. Ule waya unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye visanduku vya taa, kila kompyuta huupa namba yake. Mashine mpya zina tabia ya kuupa namba kubwa, 14, 15, kama vile kuna foleni. Programu yetu ni mzee wa zamani, haijui kuhesabu kupita 9. Basi nenda kwenye orodha ya vifaa, utauona waya umeandikwa namba yake, bofya mara mbili, tafuta sehemu ya namba, iweke 3. Zima kila kitu, washa tena. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili, mishale ni myekundu.

Kuhusu wimbo, usikate tamaa mapema. Fungua programu kwa kuibofya mara mbili tu, kawaida, kama watu wote. Usibofye kitufe cha kulia cha mausi, na usichague ile ya "Endesha kama msimamizi." Hata mtu akikushauri, usimsikilize.

Merle alikuwa mtu mwema. Nilipaswa kuwepo kubeba jeneza lake.

Reino Lahti


Viroqua
7 Oktoba 2019

Bwana Lahti,

Tuwekane sawa. Usiniite shemeji. Mashemeji walikuja msibani, wakala mikate ya nyama ya nguruwe kwenye ukumbi wa kanisa, wakaosha vyombo. Wewe bado ni Bwana Lahti.

Waya ulikuwa namba 14, kama ulivyosema. Nikauweka 3. Nilipobofya, gereji nzima iliwaka mara moja, taa zote za paa, kulungu sita wa plastiki na maneno HERI YA NOELI yakiwa yamelala chali sakafuni. Nilipiga ukelele. Mbwa wa Verlyn ng'ambo ya barabara akaanza kubweka, na Verlyn mwenyewe akaja na suruali ya kulalia. Akasimama mlangoni akasema, "Ardith, nilidhani Merle kafufuka." Tukacheka wote wawili, halafu hatukucheka.

Wimbo haupo. Nimefungua kawaida kama ulivyoagiza. Zipo nyimbo kumi na nane za zamani, wa kumi na tisa hakuna. Ila kuna jambo: kwenye kile kipicha cha programu kuna kingao kidogo cha bluu na njano, na kila nikifungua, kompyuta inaniuliza kama naruhusu. Kwa hiyo nadhani huyo msimamizi wako amekwisha kaa humo, hata bila mimi kumwita.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalize. Siku ile alipopanda ngazi na kuniambia yote yamepotea, alikuwa ameshika kizuizi cha ngazi kwa mikono miwili, amechoka. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu. Nikamjibu, "Afadhali." Neno hilo moja. Akanitazama, akasema, "Basi," akaenda kulala. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimeishi na neno hilo mwaka mzima, na kama huo wimbo ulikuwa kitu cha kipuuzi nitapumua, na kama haukuwa cha kipuuzi bado nataka kujua.

Ardith Tollefson


Ishpeming
14 Oktoba 2019

Bi. Ardith,

Sawa, nimekosea, sirudii.

Hicho kingao ndicho adui yetu. Bofya kitufe cha kulia kwenye kipicha, chagua sifa zake, utakuta kisanduku kidogo chenye alama ya vema pembeni ya maneno ya msimamizi. Ondoa ile alama. Kisha nisikilize nikueleze, maana nataka uelewe, usifuate tu.

Mfumo mpya una adabu za uongo. Zamani programu iliweka vitu vyake sebuleni, hapohapo inapoishi. Siku hizi sebuleni hapaguswi. Lakini mfumo hauikatazi programu ya zamani, unakipokea kile kitu, unakipeleka stoo ya nyuma, halafu unaiambia, "Nimekiweka palepale." Programu ikikitaka kesho inaletewa kutoka stoo, wala haijui tofauti. Mwenye nyumba akienda kuangalia sebuleni mwenyewe, hakuti kitu, lakini hana haraka, maana kwenye programu anakiona.

Sasa mtu akichagua "Endesha kama msimamizi," ndipo mambo yanapoharibika. Hapo programu inapewa funguo za sebuleni. Inaingia yenyewe, inatazama, patupu. Stoo haina habari nayo tena. Mtu anaona kazi ya miezi miwili imetoweka kwa usiku mmoja, kumbe imekaa upande wa pili wa ukuta. Sisi wenye taa tunalo neno hilo mdomoni. Mtu akisema programu inasumbua, kabla hajamaliza tunamwambia endesha kama msimamizi, kama vile bibi akwambiavyo weka kitunguu kwenye soksi ukipata mafua. Aliyemwambia Merle hivyo hakufikiri.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta sebuleni. Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia njia ya stoo. Kwanza iamuru kompyuta ikuonyeshe vitu vilivyofichwa. Kisha pita kwenye folda yenye jina la Merle, shuka ngazi tano. Usifute chochote. Ukikipata, weka nakala kwenye flashi, unitumie nami nikiangalie.

Ukinikuta sina barua ndefu, ni kwa sababu nina jambo na sijajua pa kulianzia.

Reino


Viroqua
3 Novemba 2019

Bwana Lahti,

Upo. Ulikuwa stoo, ngazi ya tano, kama ulivyosema. Unaitwa "Jikoni." Umehifadhiwa mara ya mwisho tarehe 9 Oktoba mwaka jana, saa kumi na moja jioni, na urefu wake dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nilikaa nikautazama huo muda tu, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa juu yake hapohapo, napika.

Sikuufungua peke yangu. Nilimwita Verlyn, na ndugu zake wawili, tukatundika kila kitu kwanza: madirisha kumi na moja, paa, uzio, mti. Sikutaka kuuona kwenye kioo cha kompyuta, nilitaka kuuona kama alivyotaka uonekane. Jana saa kumi na mbili giza lilipoingia, Verlyn akakaa kwenye kompyuta, nami nikaenda kusimama barabarani na tochi, pahali pangu pa siku zote. Maana ingawa nilizichukia, kazi yangu ilikuwa hiyo: kusimama barabarani na kumpigia kelele Merle ni balbu gani imekufa. Nikawasha redio ya gari, maana muziki wa onyesho husikika kwenye redio, nikafungua mlango.

Bwana Lahti, si wimbo. Ni mluzi. Ni Merle anapiga mluzi ule anaoupiga akikausha vyombo, usio na mwanzo wala mwisho, ambao nimemwambia mara elfu aache. Huwa mimi naosha, yeye anakausha. Na taa hazichezi. Hakuna kupepesa hata kidogo, hakuna kulungu anayerukaruka. Nyumba yote inawaka taratibu, kama mtu anaamka, inakaa hivyo.

Halafu ikaharibika. Katikati, taa zikaanza kuzimika. Paa, uzio, mti, halafu madirisha, moja baada ya jingine, chumba cha Karin, chumba chetu, sebule. Zikaisha zote. Mluzi ukaendelea, lakini nyumba giza tupu, dakika nzima na nusu, mimi nimesimama barabarani nikitazama giza. Hazikuwaka tena. Tumerudia mara tatu, vilevile.

Nadhani faili lilihifadhiwa nusu. Nakutumia flashi. Nakuomba, litengeneze. Nimebakiwa na wiki nne, na siwezi kuwaita watu waje waone nyumba yangu ikifa.

Ardith


Ishpeming
10 Novemba 2019

Bi. Ardith,

Nimelikagua siku tatu. Mluzi sikuusikia, unajua hali yangu. Nimeuona tu kwenye kioo, vilima vidogovidogo, na mahali alipovuta pumzi pametandaa. Pumzi ziko nyingi kuelekea mwisho.

Faili halijaharibika. Lingekuwa limekatika, taa zingebaki zimeganda zilivyo, au programu ingelalamika. Hapa kila taa imezimwa kwa mkono. Kila dirisha lina mteremko wake wa kuzimika, sekunde sita, na mmoja haufanani na mwingine. Ameupima, ameufuta, ameupima tena. Hiyo ndiyo kazi ya miezi miwili. Merle alitaka giza. Kwa nini, sijui, na mtu aliyepaswa kumuuliza ni mimi.

Basi nilianzie hapa hilo jambo.

Mke wangu Lempi alifariki 2014. Mwaka uliofuata nilimtengenezea wimbo, ule wa Kifini aliomwimbia kila mtoto. Niliupanga kwa taa thelathini na mbili tu za rangi ya asali. Nikamtumia Merle, yeye peke yake. Kwetu sisi desturi ni kwamba ukipewa nawe unatoa, hakuna anayefungia wimbo kabatini. Merle akautoa kwa chama chetu kizima cha wenye taa, kwa moyo safi. Desemba nilikwenda Green Bay kwa sababu ya masikio, nikapita mahali wanapouza magari yaliyotumika, nikaona taa za Lempi. Zimepakwa nyekundu na kijani, na katikati lipo puto refu la umbo la mtu, linalorusha mikono kuita wateja. Nilimwandikia Merle maneno ambayo hayaandikiki. Miaka mitatu hatukuongea.

Septemba mwaka jana aliniandikia. Kurasa nne. Aliniomba radhi, alisema ameziandikia nyumba zote arobaini na mbili zilizouchukua wimbo ule, akiziomba ziuache. Ukurasa wa mwisho akaniuliza kwa nini visanduku vya taa havimsikii kwenye mfumo mpya. Hakusema kwamba anaumwa.

Sikuwa tayari kusamehe, na nilitaka ajue. Nikachukua kadi ya posta, yenye picha ya daraja, nikaandika mstari mmoja: "Bofya kulia, endesha kama msimamizi." Bila salamu wala jina. Kosa lake lilikuwa namba ya waya, na ningekumbuka kama ningefikiri kidogo tu. Ushauri wangu haukumsaidia kuhusu taa na ukamfichia wimbo. Hakuandika tena, nikajiambia basi imefanya kazi. Nilijua najidanganya.

Aliyemwambia ni mimi. Ukitaka nisiandike tena, nitaelewa.

Reino


Viroqua
16 Novemba 2019

Reino,

Nilijua.

Anwani yako sikuikuta kwenye daftari. Niliikuta kwenye pembe ya ile kadi ya daraja, iliyobandikwa ukutani juu ya meza yake kwa pini ya kijani. Ulipoandika kwamba aliyemwambia hakufikiri, kadi ilikuwa mbele ya uso wangu, na huo mwandiko wako wenye herufi kama ndoano. Nikasema ngoja, nimwone huyu mwanamume atachukua barua ngapi kukiri. Umechukua tatu. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia, nimeshika na kalamu.

Lakini sasa ni zamu yangu.

Unasema hakuandika tena. Aliandika. Ilikuwa Oktoba, siku chache baada ya mimi kusema lile neno langu. Alinipa bahasha mkononi, imefungwa, ina jina lako, akaniambia, "Ardith, nipelekee hii posta, ni ya Reino." Nilikuwa nimeiona ile kadi yako. Nilijua wewe ni mtu uliyeandikiwa kurasa nne ukajibu mstari mmoja. Nikasema moyoni, mtu huyu hastahili hata stempu. Nikaiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya vyombo, niipeleke nikishapoa. Sikupoa.

Kila siku aliniuliza. Alianza akiwa kwenye kiti, "Posta imekuja?" akamalizia akiwa kitandani, anauliza kwa macho tu. Nami namwambia, "Bado, Merle. Labda kesho." Siku ya mwisho kabla hajaacha kusema, aliniuliza tena. Nikasema bado. Alikufa akidhani umemtupa, Reino, na aliyemdanganya ni mimi, si wewe.

Sijaifungua. Si yangu. Naiweka humu ndani, imechelewa mwaka na mwezi. Ukiweza kunisamehe nisamehe, ukishindwa hutakuwa peke yako.

Kuhusu Jumamosi ile, nimeamua kuwaambia watu hakuna onyesho.

Ardith


Ishpeming
21 Novemba 2019

Ardith,

Usiwaambie hivyo.

Nimeisoma. Nakurudishia, maana ni yako zaidi kuliko yangu. Kaa chini kwanza, ndipo uisome.

Hakuna cha kutengeneza kwenye faili. Liache kama lilivyo. Kuna kifaa kimoja tu hakikuwa kimewashwa.

Mimi nawe tumemkosea mtu yuleyule, basi tusianze kupimana nani zaidi. Siwezi kuja; daktari wa macho ameninyang'anya leseni, na barafu imeshafunga. Lakini saa kumi na mbili jioni siku hiyo nitakuwa nimekaa, na nitajua kinachoendelea huko sekunde kwa sekunde, maana nimekwisha likariri.

Reino


Viroqua
19 Oktoba 2018

Reino ndugu yangu,

Asante kwa kadi. Mstari mmoja, lakini mwandiko ni wako, na daraja ni zuri. Nimeibandika. Mtu akikasirika miaka mitatu halafu akakuandikia hata namba ya viatu, hiyo ni salamu.

Nimefanya ulivyosema na sasa matokeo ni haya: wimbo wote umekwenda. Usijali, najua ni mimi nimebofya vibaya, vidole vyangu siku hizi ni kama soseji zilizochemshwa. Nimeanza upya, kwa kalamu kwenye karatasi. Nimefika sekunde ya arobaini. Naumwa, Reino, sikukwambia kwa sababu sikutaka unisamehe kwa huruma. Sidhani kama nitafika dakika ya nne. Kwa hiyo nakueleza ulivyo, ili ukiweza kuutoa ulikojificha, au hata kuutengeneza mwenyewe, ujue.

Ni wa Ardith. Miaka kumi na tisa amevumilia makelele yangu, na kila mwaka amesimama barabarani kwenye baridi na tochi kunionyesha balbu zilizokufa. Hajawahi kuliona onyesho; ameziona balbu mbovu tu. Nimemtengenezea lisilo na makelele. Nyumba inawaka, inakaa, halafu inazimika dirisha kwa dirisha, chumba cha mtoto, chetu, sebule, kama sisi tunavyozima kila usiku. Kwenye dirisha la jikoni sikuweka taa yangu hata moja. Huko kuna taa yake mwenyewe, ile ya juu ya sinki. Kila kitu kikiisha kuzimika, watu wote barabarani wamwone yeye, amesimama anaosha vyombo, na mimi napiga mluzi.

Kwa hiyo umwambie mapema, maana unajua alivyo, atatoka tu na tochi yake. Mwambie siku hiyo asitoke. Akae jikoni, taa iwake. Mimi sijamwambia, nilitaka iwe siri, na juzi nilipomwambia wimbo umepotea alisema afadhali. Ana haki. Nimemwachia siku nyingi mno peke yake huko juu. Ningepanda nikae naye, lakini nikipanda nitamwambia, na nikimwambia haitakuwa zawadi.

Nijibu ukipata nafasi. Hata mstari mmoja.

Merle


Viroqua
1 Desemba 2019

Shemeji Reino,

Magari yalikuwa hamsini na kitu, Verlyn aliacha kuhesabu. Mapipa mawili ya chakula cha kopo, ambacho watazamaji huwaletea maskini, yalijaa mpaka wakapanga makopo mengine kwenye theluji. Karin alikuja na wajukuu. Nyimbo kumi na nane zilichezwa kwanza, makelele kama kawaida, na mimi sikutoka. Hakuna aliyezionyesha balbu zilizokufa, na nasikia zilikuwa nne.

Wa kumi na tisa ulipoanza niliwasha taa ya juu ya sinki nikafungulia maji. Sikuwa na vyombo. Nilikuwa na kikombe kimoja, nikakiosha.

Nataka ujue kwamba sikuona chochote. Ukiwa na taa jikoni na nje ni giza, dirisha linakuonyesha uso wako tu. Nilijua zinazimika kwa sababu uso wangu ulizidi kuonekana kwenye kioo, kidogokidogo, mpaka ukabaki huo peke yake. Watu walikuwa wameteremsha vioo vya magari kwenye baridi ile yote, redio zikawa zinapiga mluzi wake kwa pamoja. Nilimsikia kutoka barabarani kana kwamba amechelewa kurudi nyumbani. Nilikiosha kile kikombe kwa dakika moja na nusu, nikakishika upande wa kushoto, anakosimama Merle kukausha. Halafu mluzi ukaisha, nikakikausha mwenyewe.

Hakuna gari lililopiga honi. Baadaye Verlyn alikuja mlangoni amevua kofia, akaniambia, "Tulikuona, Ardith."

Merle alikuwa hapo chini, ngazi kumi na tatu kutoka kwenye sinki, akinitazama mimi wiki zote zile. Nami nikasema afadhali, nikaficha barua kwenye droo hiyohiyo ambayo usiku wa jana niliifungua kutoa kitambaa.

Niandikie tena, Reino, hata kama hakuna kilichoharibika. Leo nikitoka kwenda kanisani nimekuta taa ya jikoni inawaka tangu jana, nami sikurudi kuizima.

Shemeji yako,
Ardith